Jiko la Tope la Rukwa

Jumanne, baada ya magharibi

Bado sijui nimkasirikie nani. Tope lile nililitoa mwenyewe chini ya Ziwa Rukwa kwa bomba refu, nikalileta Mpanda limefungwa nailoni, nikaliweka kivulini nyuma ya nyumba ya shangazi. Leo nimerudi kutoka sokoni nikakuta amesiriba nalo jiko la kuni, lote.

“Udongo mzuri, mwanangu, haupasuki,” akasema, mikono bado imelowa.

Nikakaa chini nikalia. Ndani ya tope lile mna maganda ya utitiri, vijidudu vidogo kuliko chembe ya chumvi, vilivyokufa zamani sana. Kila tabaka la tope lina wake, ndivyo ninavyosoma historia ya ziwa: utitiri wa majini miaka ya mvua, wa nyasi ziwa lilipokauka. Sasa wote wamechanganyika. Msimamizi wangu wa chuo nitamwambia…

Shangazi akataka kunifariji. “La juu lilikuwa laini. Katikati ndipo paligoma, pagumu, majani majani, nikaponda mpaka basi. Hapo si paliota nyasi? Kama kwetu Kasansa, maji yakirudi nyuma tunaswaga ng'ombe.”

Machozi yakakauka. Ameugusa ukame kwa kiganja, mimi nautafuta kwa hadubini.

Jiko linafuka mvuke. Naliangalia, na ukutani mwake naona ng'ombe wanatembea taratibu mahali palipokuwa na samaki.

Kesho nampigia msimamizi. Tunarudi Rukwa, na safari hii bomba atalishika shangazi.