Matairi ya Shemeji

Jumatatu, 5 Machi 1956

Leo nimeendesha pikapu mwenyewe, kutoka Ipogolo kupanda kilima mpaka mjini! Bushiri fundi kakaa pembeni, mikono magotini, hakugusa kitu. Kwenye kona ya juu gia ilinikataa, ikapiga kelele — nikaipata. Akasema bado kidogo tu, Mama Benedicta, utapeleka maharage misheni Tosamaganga bila mimi. Marehemu Silvester angekuwepo angecheka mpaka akohoe. Gari lake, na mkewe kwenye usukani!

Kaka yake, Liberatus, alikuwa kibarazani mwa duka. Katuona. Hakunyanyua mkono.

Alhamisi, 8 Machi

Liberatus kaja asubuhi kachukua gari. Eti anakwenda Mafinga kupakia mbao. Hakuomba. Tangu tumzike mdogo wake anaingia uani kwangu kama anaingia kwake. Maharage ya misheni yamebaki kwenye magunia. Mvua.

Jumamosi, 10 Machi

Gari limerudi — sikulitambua. Limeinuka juu kama ng'ombe aliyeshtuka. Kalifunga magurudumu ya lori, mapana, meusi, yametoka kwenye gari la jeshi lililokufa huko Mafinga. Nimeuliza yako wapi yale yetu.

"Yale ya kitoto? Nimetupa. Masika hii kuna tope, shemeji. Unataka tukwame?"

Tukwame — yeye na nani?

Nikapanda. Ilibidi nikunje gauni mpaka magotini, wanaume wamesimama pale wanatazama. Usukani hauendi! Nimeuvuta kwa mikono miwili, ukageuka kidogo, ukagoma. Tairi limegota kwenye madigadi. Liberatus akanifungulia mlango, mpole kabisa. "Shuka tu, utaumia."

Namchukia. Mungu anisamehe, ni Kwaresima.

Jumatatu, 12 Machi

Tumeponea chupuchupu. Yeye anaendesha, mimi pembeni, maharage nyuma. Tunashuka kilima cha Ipogolo, kwenye kona tairi likang'ata madigadi, usukani ukakamaa. Akakanyaga breki — gari linaendelea tu! Limesimama ukingoni. Gunia moja liliruka, likapasuka bondeni. Yeye ananifokea mimi, eti makelele yangu yamemchanganya. Sikuwa nimefungua mdomo.

Bushiri kamwambia wazi: breki hizi ni za gari dogo, haziwezi kushika magurudumu makubwa hivyo, utaua watu. Liberatus jibu lake nini? Kachukua patasi na nyundo, kakata madigadi. Mchana kutwa, kwa! kwa! kwa! Madigadi ambayo Silvester aliyapaka rangi ya kijani kwa mkono wake mwenyewe. Nimekaa jikoni, nimeziba masikio.

Jumatano, 14 Machi

Sasa najua. Bushiri kaja, kazungukazunguka, kaongelea mvua, hatimaye kasema. Liberatus kajigamba buchani mbele ya watu: gari lile sasa si la mwanamke tena, nimemaliza. Na mwanamke mwenyewe baada ya Pasaka anahamia kwangu.

Anahamia! Kama gunia!

Kumbe si tope. Hakuna cha tope. Kaniona nikipanda kile kilima, basi.

Na yale magurudumu yetu hajatupa. Bushiri kayaona kwa macho yake nyumbani kwa Liberatus, yamepangwa chini ya kitanda.

Sijala.

Jumamosi, 17 Machi

Liberatus kaenda mazishini Kalenga, kwa miguu. Gari kaliacha uani kwangu, kwa sababu njia ya kwake ni tope tupu — na hayo matairi yake ya tope! Ufunguo kaondoka nao.

Bushiri kaleta jeki na spana, kasema mikono yake haimo humu. Nikamwambia sawa, yangu imo. Nati ya kwanza nimeisimamia kwa uzito wangu wote mpaka ikalia. Alivyoona navuja damu kiganjani akashindwa kujizuia, akanisaidia kuvingirisha. Magurudumu yote ya lori yako chumbani, yananuka. Pikapu limekaa juu ya magogo. Bushiri nimemwambia aende kwake.

Liberatus kafika kabla sijanawa. Kwanza kalizunguka gari. Halafu matusi: mwizi, mchawi, mwanamke asiye na haya, nitavunja mlango. Komeo limeshika. Nati ziko mapajani mwangu, nimezifunga kwenye kitambaa, naandika juu yake.

Nimemjibu dirishani, maneno machache: lete yetu, uchukue yako. Na kwako sihamii. Si baada ya Pasaka, si baada ya Noeli.

Kaondoka. Mvua imekatika. Majirani wote wamepata kazi ya kufagia nje leo!

Kitu kinavingirishwa uani. Nimechungulia. Ni gurudumu letu — moja. Kalilaza mlangoni. Anasema kwa sauti ya chini, shemeji, fungua tuelewane.

Nimesema alete yote.

Kakaa juu ya lile moja.