Kijana Aliyeutazama Ukuta

Jericho, Nairobi
12 Agosti 1979

Dada yangu Nthenya,

"Mwanafunzi wako hana adabu. Alinisemesha akiutazama ukuta." Ndivyo ulivyoniandikia, hata kabla ya kuniuliza kama mimi ni mzima. Mimi ni mzima, na binti yako Wayua ninayekaa naye hapa pia. Mguu unaendeleaje? Sasa kaa chini nikubishie.

Siku ile ulipokuwa umelazwa wodini kwetu, tulikuwa tukiwapima wanafunzi wa uuguzi jinsi wanavyoongea na wagonjwa. Mwalimu mwenzangu Thuo alikwisha kumwandikia mwanafunzi huyo, Munyoki, sifuri kwa sababu hakukutazama machoni. Nilimwuliza Thuo kama wagonjwa huponywa kwa kukodolewa. Akasema mimi hubishana hata na saa ya ukutani. Lakini nilikuwa nimemsikia Munyoki akikuuliza polepole, kwa Kikamba, nawe ukamwambia kwamba huhisi vidole vya mguu. Daktari alikuuliza mara ngapi ukamjibu kwamba hujambo? Kijana aliuuliza ukuta, ukajibu wewe! Ndiyo maana madaktari waliuwahi mguu, nawe unao mpaka leo.

Nilimwita nje nikamgombeza: mbona ajiangushe hivyo, na akianguka chuo kitamfukuza? Akatazama viatu vyake, akasema kwamba angekutazama angepata alama, lakini angekuwa amekukosea heshima. Nilipombana zaidi, akataja jina la Wayua.

Umeelewa sasa? Munyoki ndiye yule mchumba wa Wayua uliyemkataa bila kumwona, ukisema hutaki mkwe anayemwaga mikojo ya wagonjwa. Yeye alikwisha kukuhesabu mama mkwe wake. Wewe ndiwe uliyenifundisha nthoni, kwamba mkwe na mama mkwe hawakodoleani macho. Leo umeiona kwa kijana wa watu, ukaiita utovu wa adabu!

Nilidai apimwe upya, nami nikakaa kando, kwa kuwa sasa ni mtu wetu. Akapewa mgonjwa mwingine, mzee Mursal wa Majengo, anayefukuza kila mwanafunzi. Munyoki alimtazama machoni, wakacheka mpaka sista akawanyamazisha. Thuo mwenyewe ndiye aliyempitisha.

Wayua anawasalimu, na majirani wanauliza hali yako. Wazee wa Munyoki watafika kwenu kumposa Wayua Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Wewe na shemeji Kiilu, wafungulieni mlango. Na kama wewe, Nthenya, utaona haya kumtazama kijana, utazame ukuta. Atakuelewa.

Mdogo wako mbishi,
Nzilani