Njoo Ufunge Ziwa la Baba

Mohoro,
Mwezi 8 Mfunguo Saba, 1325

Mpendwa kaka yangu Tamimu,

Salaam nyingi zikufikie huko Unguja, na baada ya salaam nakuuliza hali. Kifua kimepoa? Shemeji na watoto je? Sisi tungali hai, alhamdulillahi, na kwa mwaka huu hilo si jambo dogo. Mama anatembea kwa mkongojo, ila ulimi wake mzima kabisa. Mdogo wetu Fatu amejifungua mtoto wa kike, leo siku ya kumi na mbili. Tumempa jina la bibi, Mwantum.

Vita vimetulia huku kwetu, njaa ndiyo imebaki. Ghala zetu askari wa Mdachi walizitia moto, na mpunga hatukupanda kwa wakati kwa kuwa tulikuwa tumejificha porini. Tunachimba ming'oko, mizizi ya porini. Valli amelifungua tena duka lake, lakini ndani mna chumvi na utando wa buibui tu.

Sasa nisikilize, maana nina hasira nawe.

Ile barua yako ya Mfunguo Nne, uliyoandika tuwaachie wenye njaa ziwa la Baba wapate kula, nani alikutuma? Binamu yetu Nassibu aliisoma msikitini Ijumaa, watu wakakuombea dua mpaka nikaona haya kukasirika. Kesho yake migono ya samaki imepangwa mdomoni mwa mfereji wa kutokea mtoni, mtego kwa mtego, hata kidole hakipiti.

Umesahau, kaka? Samaki wetu ndungu huingia ziwani na mafuriko, hutaga kwenye majani, kisha hurudi mtoni maji yakishuka. Baba alikuwa akifunga kamba ya ukindu pale mdomoni, na hakuna mgono uliovuka kamba ile mpaka ndungu wakubwa na watoto wao watoke. Tulikuwa tukijaza matenga matatu kwa asubuhi moja. Mwaka wa vita hakuna aliyefunga kamba, tulikuwa tunakimbia, hilo nasamehe. Mwaka jana tukapata tenga moja. Mwaka huu nimehesabu ndungu saba kwa wiki nzima, na mkubwa wao hazidi kiganja changu.

Nassibu anasema samaki wamekimbia bunduki, wamehamia juu ya mto huko Mkongo. Jamani! Samaki gani huyo wa kufunga mizigo? Nikamwambia wamehamia tumboni mwake. Akanuna.

Kamba nimeifunga mwenyewe mara tatu, mara tatu nimeikuta imekatwa. Wazee wananiambia kwa upole, "Mwanaamina, aliyelifungua ziwa kwa neno lake ndiye alifunge kwa mkono wake." Yaani wewe. Na usiniletee barua nyingine. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Maji yameanza kushuka. Wale wachache waliowahi kutaga, watoto wao watatoka mwisho wa mwezi huu. Wakiikuta migono, mwakani hatutakuwa na cha kugombania. Panda chombo cha kwanza.

Lipo jambo moja zaidi, bora ulisikie kwangu kuliko kwa Nassibu. Fatu alikosa maziwa. Mtoto alilia siku mbili, siku ya tatu akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikaenda mdomoni mwa mfereji nikatega mgono, mimi niliyewatukana watu miezi mitatu! Akanaswa ndungu jike, mkubwa, tumbo limejaa mayai. Wa namna ile hatukumwona tangu masika yaanze. Nilisimama naye majini nikamwomba Baba radhi. Kisha nikampeleka chunguni. Fatu alikunywa mchuzi wote, na kabla ya magharibi maziwa yakashuka.

Shangazi Mwanawetu na mzee Mohamedi wanakusalimu. Mama anasema uje na dawa ya magoti, na usijifanye umesahau. Nibusie watoto. Mungu akufikishe salama kabla maji hayajaisha.

Ukifika, usianze kwa Nassibu. Mgono wa kwanza mkono wa kulia, uliofungwa kipande cha kanga yangu, ndio wangu. Ung'oe huo kwanza, watu wote wakiona.

Wako akupendaye, na hasira zake zote,
dada yako Mwanaamina binti Abbasi