Masasi ya Mathieu

Ernestine, usinipigie kwanza, weye soma tu.

Baba alikuwa amekaa chini na furaha yote, anachagulia mdogo wangu Mathieu masasi ya bunduki ya kwenda kuwinda mbawala wake wa kwanza.

Akamwambia: «Acha ya kijeshi. Inatoboa inapita, munyama anakimbia anaenda kufa mbali, peke yake. Chukua hii ya ncha laini, anaanguka pale pale.»

Mathieu akasema: «Baba, minye nataka ya kijeshi.»

Ya kijeshi, Ernestine! Ya kijeshi! Kumbe haendi kuwinda, ameshaingia mu waasi.

Akayabeba, akaenda. Hakugeuka hata kidogo.

Baba angali amekaa pale, ile ya ncha laini iko mu mukono. Anaipangusa, anaipangusa.

Nimemuita kula. Amenijibu: «Tumungojee Mathieu na mbawala wake.»