Kiherehere Changu Mbele ya Wakwe

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, marahaba yako siisubiri tena.

Ovaroli yako ya kiwandani bado inaning'inia nyuma ya mlango, Mama kakataa kuigawa. Dada amejifungua wa pili kule Nansio, wa kiume, wamempa jina lako. Nilipompakata nililia mpaka wakaninyang'anya mtoto.

Jana darasani mwanafunzi wangu aliniuliza kiherehere ni nini. Nikamjibu ni kujitia mbele kwa jambo ambalo hukutumwa. Halafu nikageukia ubao, maana nilikukumbuka.

Siku ile wazee wa Nansio walipokuja kumposa Dada, mmoja alikuuliza kazi yako. Ukasema bado fundi kiwandani. Mimi niliyeitwa kuwanawisha wageni mikono tu, nikadakia: "Siku hizi Baba anabeba sangara kutoka mitumbwini, mwaloni Kirumba. Nimemwona." Kumbe walishakupunguza kazini miezi mitatu nyuma, na kila asubuhi ulivaa ile ovaroli ili Mama asijue. Shangazi akanifinya, akasema kiherehere changu kitaniponza. Kikakuponza wewe. Uliinamisha kichwa mbele ya wakwe, chakula kikapoa.

Posa haikuvunjika, lakini wiki nzima hukuweza kumtazama Mama usoni. Mimi hukunichapa. Ulinikuta jikoni nalia, ukasema, "Hukudanganya, mama. Umewahi tu. Lile lilikuwa langu kulisema." Ningemjibu hivyo yule mwanafunzi, ila nilikuwa nimeshageukia ubao.

Baba, najua umekufa na aibu ya kumficha Mama. Juzi tukikunja nguo zako kaniambia alijua tangu wiki ya kwanza. Si yeye ndiye aliyekuwa anaifua ovaroli? Magamba ya sangara yalijaa kwenye kola. Aliyabandua moja moja, akaianika uani, akaipiga pasi, akanyamaza. Na viazi alikuongezea, maana kubeba samaki si mchezo. Alikuwa anasubiri useme mwenyewe.

Kaniapisha nisimwambie mtu. Na mimi huyu nimeshakwambia. Nisamehe, nimeshindwa kukuacha ulale na aibu isiyo yako.

Pumzika, Baba. Nakuahidi hili ndilo la mwisho kulisema kabla ya mwenyewe. Ila siku Mama atakapokufuata, mwache akusimulie yeye. Jifanye hujui, kama alivyojifanya yeye.

Mwanao