Mkono Chini ya Kitambaa

Nyumba ya kona, nyuma ya Soko la Ballarò,
Palermo.
5 Novemba

Mpendwa Shangazi Oliva,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepungua uvimbe na vumbi la Adelaide halikusumbui tena kifua. Vipi usingizi? Vipi chakula, unakula au unachokoachokoa tu? Mwanao Carmelo aliniambia umefanyiwa upasuaji wa jicho, na sasa unamwona kila anayeiba biskuti kabatini. Nilicheka sana, kisha nikamhurumia huyo mwizi.

Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Siku ya Wafu imepita salama. Nilinunua wanasesere wa sukari kama kila mwaka, ingawa hapa nyumbani hakuna mtoto wa kuwala, na nikapeleka maua kaburini kwa Mama. Nilimsalimia kwa niaba yako. Mvua bado inatuzungusha, leo wingu, kesho jua kali.

Sasa, Shangazi, nimeishika kalamu hii tangu asubuhi. Ungekuwa hapa ungeshaniambia, "Ninfa, kama huwezi kumeza, tema." Basi natema. Ninaogopa. Naogopa nikiwa jikoni, naogopa nikiwa barabarani na wageni, na nikipanda ngazi kurudi nyumbani ndipo naogopa zaidi. Kwenye simu husikii vizuri na mimi ningelia, ndiyo maana naandika. Ni habari za kaka yako.

Kazi yangu unaijua. Bado nawapitisha wageni mitaani wapate kula tunachokula sisi, na bado nanyanyua juu ule mwiko wenye leso nyekundu ili wasinipotee kwenye msongamano. Soko zima linanijua kwa mwiko huo. Nikipita, Ignazio wa zeituni hupiga kelele, "Jamani ficheni vyungu, mpishi asiyepika amefika." Tunaanza na vitumbua vya unga wa dengu, tunakwenda kwenye mkate wa vitunguu, halafu mkate wa wengu, ambapo nusu ya wageni hukumbuka ghafla kwamba wameshiba.

Na mwisho huwapeleka kwa Baba. Wewe umezaliwa katika jambo hili, sina la kukufundisha. Anakaa pale pale alipokaa babu, na kikapu kile kile kimefunikwa kitambaa. Huingiza mkono chini, hukoroga huku anatazama pembeni, hutoa konzi moja ya frittola, gegedu na mafuta ya ndama ya moto, huiweka kwenye karatasi, limau, pilipili manga, chukua. Nami nawaambia wageni maneno yale yale kila siku: hapa hatuulizi na hatuchungulii, asiyemwamini mwenye kikapu na akale kwake. Wanacheka kila mara. Shangazi, kichekesho hicho ndicho kilichonilisha miaka yote hii, na sasa nikikisikia kinywani mwangu mwenyewe kijasho kinanitoka.

Dalili zilikuwepo, sitasema hazikuwepo. Alianza kuniita kwa jina la Mama. Nikasema ni uzee. Akaacha sufuria ya mafuta motoni akaenda kulala. Nikasema ni uchovu. Miwani yake ya kusomea ikapotea, tukapindua nyumba nzima, naye akaapa ni paka wa jirani ameichukua. Nikamuuliza paka anasoma gazeti gani. Tulicheka wote wawili, tena yeye alicheka kuliko mimi.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa na kundi zuri, wapole, wanakula kila kitu. Alikuwemo binti mmoja Mbelgiji, Liesbeth, mjamzito, tumbo limemtangulia kama kikapu cha pili. Huyo alikula kuliko wote. Tulipofika kwa Baba alikula sehemu yake, akala na ya mumewe, akarudi kuomba nyingine. Baba alifurahi, akamwambia mtoto atazaliwa akinukia pilipili manga.

Hapo mzee mmoja wa Denmark akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili, akaniwekea kiganjani, akiniuliza kama huu ni mfupa wa sehemu gani. Alikuwa anatabasamu. Nikatazama. Hakikuwa mfupa. Kilikuwa kigae cha kioo, chembamba, kimepinda kidogo kama kucha.

Niliijua miwani ile kabla akili haijaniambia. Nikapaza sauti watu wateme, nikasema kwa kila lugha ninayoijua, nikawapokonya karatasi mikononi kama mwendawazimu. Liesbeth alinitazama tu. Yeye alikuwa ameshameza zamani.

Shangazi, unajua maana ya kumfunua mwenye frittola kikapu chake sokoni. Bora umvue suruali. Lakini nilikuwa nimeshashika kitambaa. Baba akanishika kifundo cha mkono, si kwa hasira. Akasogeza mdomo sikioni kwangu, akaninong'oneza.

"Ninfa, mwanangu, usinifanyie hivi mbele za watu."

Na Ignazio naye kutoka kwenye meza yake, "We Ninfa, una wazimu? Huyo si baba yako?"

Nikafunua.

Upande mmoja kulikuwa na frittola, safi, ya moto, imepangwa vizuri kama anavyoipanga siku zote. Upande wa pili kulikuwa na nyumba yetu. Ufunguo wa mlango. Chanuo la Mama. Chupa ya vidonge vyake vya presha. Kitasa cha kabati la jikoni, ambacho nilikuwa nakitafuta tangu majira ya joto. Na miwani, kioo kimoja kizima, kingine kimesagika chini ya uzito wa vile vingine.

Ignazio, ambaye huwa hanyamazi hata kwenye misa, aligeuka akaanza kupanga zeituni zake. Baba alichukua kitambaa mkononi mwangu, akafunika tena polepole, akakaza pembe zote nne.

Mumewe alimpeleka Liesbeth hospitali nami nikawafuata. Daktari alimpima akasema mtoto anacheza, mama hana maumivu, kwa sasa ni kungoja; ale mkate na viazi, na akiona damu arudi upesi. Kungoja, Shangazi. Ni neno dogo likisemwa na mtu mwingine. Nilikaa naye hotelini mchana kutwa, nikimmenyea viazi na kumtazama usoni. Kila alipojigeuza kitini nilimuuliza kama tumbo linauma. Yeye ndiye aliyekuwa ananipoza, ananiambia baba yake mkubwa naye alikuwa akisahau hivyo hivyo kama Baba.

Nyumbani nilimwaga mezani vile vigae vya miwani nilivyookota kikapuni, pamoja na kile cha yule mzee, nikavipanga kimoja kimoja nipate kioo kizima. Nilivipanga vikakubali, isipokuwa pembeni pakabaki pengo dogo la ukubwa wa punje ya mchele. Nililitazama pengo lile mpaka macho yakauma. Nilijua punje ile ingeweza kuwa mahali popote, na mahali pamoja ndipo sikutaka hata kupataja.

Baba alikuja akaketi mbele yangu. Nikamuuliza, Baba, kwa nini humo? Kwa nini kwenye chakula cha watu?

"Vitu vinanitoroka, mwanangu," akasema. "Naona kimoja kinataka kwenda, nakiweka humo. Kichwa kinasahau, lakini mkono nikiuingiza chini ya kitambaa unakijua. Na humo hakuna anayechungulia."

Kwa hiyo alikuwa anajua. Muda wote tulipokuwa tunacheka habari za paka alikuwa anajua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimekaa meza moja na mficha maradhi, nikimpitishia chumvi.

Punje ile niliipata nilipofua kitambaa. Ilikuwa imejificha kwenye pindo, ikanichoma kidole. Sijawahi kufurahia kutoka damu kama siku ile. Nilikimbia hotelini na kidole nimekifunga, nikawaonyesha, tukalia na mumewe tukiwa tumeshikana mabega. Liesbeth amesharudi kwao, hajambo. Ameniandikia kwamba bado anaitamani frittola. Watu wengine Mungu huwaumba na roho ya peke yake.

Basi hofu hiyo ikaisha. Nilidhani zote zimeisha.

Baba nimemtoa sokoni. Ignazio, usimwone vile, amenisitiri: kila anayeuliza anaambiwa Mzee Gaspare amesafiri kwenda Australia kumwona dada yake. Soko zima linakuonea wivu kwa mgeni ambaye hujampata. Daktari ametaja ugonjwa kwa jina lake. Sitauandika hapa. Amesema dawa itaupunguza mwendo, haitaurudisha nyuma.

Kikapu nimemwachia, maana nilipokificha alikaa dirishani akiupapasa ukingo wa kiti, siku nzima. Hakina chakula sasa. Anatembea nacho chumba hadi chumba, kimefunikwa, na anaweka vitu. Mwanzoni nilifurahi kwamba ana shughuli. Kisha nikaanza kukifahamu kikapu kile, na ndipo usingizi uliponitoka. Aliweka wembe wake; kabla wiki haijaisha akaniuliza lile povu la usoni huondolewa kwa kitu gani. Aliweka kifuniko cha birika la kahawa. Sasa akiliona birika jikoni hulizunguka kwa mbali kama mbwa asiyemfahamu. Kinachoingia humo, Shangazi, ndicho kinachokwenda zake. Kikishaingia, hakirudi kichwani.

Kwa hiyo kila ninaporudi kutoka kazini, kabla ya kuvua viatu, natazama ukutani na mezani kuona kipi hakipo. Naishi hivyo. Nahesabu nyumba yangu kama mtu aliyeibiwa.

Jana nilipojiandaa kutoka kwenda kupokea wageni, mwiko wangu wenye leso nyekundu haukuwepo kwenye msumari wake.

Niliangalia nyuma ya mlango, chini ya meza, mahali ambapo nilijua haupo. Halafu nikaenda kwake. Alikuwa amekaa kitini na kikapu mapajani, amenyooka vizuri, kola amefunga, kama anavyokaa sokoni. Nikasema, "Baba, umeuona mwiko wangu?"

Alinitabasamia. Nalijua tabasamu lile. Ndilo analowapa wageni ninaowaleta.

Akaingiza mkono chini ya kitambaa, akakoroga huku anatazama pembeni. Mkono ulijua. Ukautoa mwiko pamoja na leso yake, akaishika leso ile kama inavyoshikwa nguo ya mtoto mchanga.

"Huu ni wa binti yangu," akaniambia. "Anapita hapa kila siku na watu wake. Ukimwona sokoni, mama, mpe. Mwambie baba yake anamtunzia."

Nikasema nitampa.

Akaniuliza kama nataka limau.

Nilitoka nikafanya kazi yangu, nikanyanyua mwiko, nikaeleza mkate wa wengu, wakacheka walipotakiwa kucheka. Jioni alinijua tena, akanifokea kwa kuchelewa, na sijawahi kufokewa nikashukuru hivyo. Leo asubuhi amenijua. Kesho sijui, na kutojua huko ndiko kunakonitafuna.

Shangazi, ni wewe peke yako uliyekuwa unambeba mgongoni alipokuwa mtoto. Sikuombi fedha wala ushauri. Nakuomba wewe mwenyewe, na goti lako hilo hilo. Carmelo akukatie tiketi, uwanja wa ndege nitakuja kukupokea, na chumba cha upande wa jua nimeshakifagia.

Nisalimie Carmelo na mkewe Joan, na wale mapacha, waambie shangazi yao wa Palermo amewawekea wanasesere wa sukari wasiovunjika kichwa. Msalimie na yule jirani yako anayekuletea mayai. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akushike mkono hasa kwenye ngazi.

Picha yako ya komunyo ya kwanza, ile uliyovaa viatu vya kuazima, bado iko ukutani juu ya kitanda cha Baba. Nimeitazama sasa hivi kabla ya kufunga bahasha. Njoo, Shangazi, kabla hajaishusha.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Ninfa