Uwanja Tulioufagia

Nyumbani,
Chumba cha cherehani.
Jumapili mchana, kiangazi kikianza.

Mpendwa kaka yangu,

Kabla ya yote, pokea salamu zetu. U mzima? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unakitibu kwa ubishi? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi tunaendelea vizuri. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi haujambo kabisa. Mimi nashona sare za shule mpaka ndotoni naona vifungo.

Nina habari ya uwanja wetu wa mtoni, ulipojifunzia baiskeli kwa kuniangukia mimi. Kumbe chini yake kuna changarawe nzuri, na kampuni moja imeomba kuichimba. Kwa kuwa ni ardhi ya umma, serikali ilisema kwanza waje wataalamu wa mazingira wapime madhara: vumbi, visima kukauka, kingo za mto kubomoka, malori kupita karibu na shule.

Sasa sikia kioja. Mwenyekiti wetu wa mtaa ni yule refa wa zamani, Mzee Kipenga, na bado anatuamrisha kama wachezaji wake. Aliposikia wageni wanakuja, akatangaza usafi. Si unatujua sisi na wageni? Tulifyeka nyasi, tukaondoa kamba za kuanikia nguo, mbuzi wakafungwa majumbani. Wauza mboga walihamishwa na meza zao, watoto wakakatazwa kukanyaga. Hata mawe ya magoli tuliyang'oa. Mimi mwenyewe nilishika fagio mpaka kijia cha kwenda kisimani kikafutika.

Wataalamu wakaja, wakapima maji na udongo, wakaandika, wakaondoka. Baada ya muda rasimu ya taarifa yao ikabandikwa ofisi ya mtaa: ardhi iko wazi, haitumiwi na wakazi, athari kwa jamii ni ndogo.

Niliisoma mara mbili. Nilimkumbuka marehemu baba, alivyokuwa akitandika mkeka karibu na maji siku za joto, na wewe ukiogelea huku shati la shule likikauka juu ya majani. Eti haitumiwi! Kaka, nililia mbele za watu na wala sikuona aibu.

Mzee Kipenga mwenyewe akakiri kosa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Tukaenda pamoja kwa mkuu wa wataalamu, mama mmoja mpole mwenye buti za matope, tukamweleza ukweli. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaivaa tena.

"Mimi naandika ninachokiona," alisema. "Nitarudi. Ila safari hii, tafadhali, msiguse kitu."

Aliporudi alikuta shuka zinapepea, mbuzi wametapakaa, na mpira nusura umpige kichwani. Nilifurahi jamani, nikajiona nina miaka kumi. Akazunguka akiuliza kila mtu anautumiaje uwanja. Akafika kwa mama yetu, aliyekuwa amekaa upande wa juu, pale kwenye mteremko wa kwenda barabarani.

"Na wewe mama, huwa unafanya nini hapa?"

"Namngoja mwanangu," mama akajibu. "Siku anaondoka alinipungia mkono akiwa hapa hapa. Nikimkumbuka, nakuja kukaa."

Sikujua, kaka. Miaka yote hii nilidhani anafuata upepo. Yule mtaalamu aliinama akaandika.

Taarifa mpya imetoka wiki hii. Kando ya mto na visima vimenusurika, mpaka umewekwa na malori yatapita njia nyingine. Mtaa mzima unashangilia, Mzee Kipenga ndiye usiseme. Lakini upande wa juu, mbali na maji, umeruhusiwa kuchimbwa, na mitambo inaingia mwezi ujao.

Wifi na watoto wape salamu tele, waambie shangazi yao anawashonea nguo kwa kukisia vipimo. Mzee Kipenga anakusalimu. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kuja.

Mama hajui kuwa nakuandikia haya. Sijapata moyo wa kumwambia ni upande upi watakaochimba. Jana jioni alikwenda tena kukaa pale. Njoo, kaka, akuone ukitokea palepale alipokuona mara ya mwisho.

Akupendaye daima,
Mdogo wako, fundi cherehani.